Sikio la Mama Tusa

Kwa mara ya nne asubuhi ile Subilaga Mwakalobo, fundi wa kike wa kituo, aliandika amri, akabonyeza, na laptopu ikamrudishia maneno yaleyale: kadi ya mawimbi ipo, kiendeshi hakipo.

"Inaiona," alisema bila kugeuza shingo. "Inajua kadi imekaa wapi. Ila haijui kuisemesha."

Bwana Asegelile Mwalusanya, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama nyuma yake na koti la mvua ambalo hakukumbuka kulivua. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kabati la mitambo lililoungua, ambako kibao cha Mlinzi kiliendelea kuhesabu kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Arobaini.

Radi ilikuwa imepiga alfajiri. Ilipita kwenye mlingoti, ikateremka na nyaya, ikachoma kila kitu ambacho Kituo cha Bwawa la Nyalwela kilitumia kuzungumza na dunia. Mlinzi peke yake ndiye aliyepona, kwa sababu alikuwa amezikwa ndani ya zege la ukuta wa bwawa pamoja na betri zake. Mlinzi hakuwa mtu. Ilikuwa mashine yenye akili iliyokabidhiwa malango ya bwawa miaka kumi na miwili nyuma, baada ya mtu wa zamu kusinzia na maji kuondoka na kijiji. Tangu hapo hapakuwa na usukani wa kuzungusha wala ufunguo wa kugeuza. Mlinzi alipima maji, akapima ukuta, akaamua. Na leo, mvua ikiwa imenyesha siku tano mfululizo, alikuwa ameamua kwamba saa nane kamili mchana atafungua malango yote manne, la sivyo ukuta utapasuka.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Subilaga alikuwa amepiga hesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi, akaona hivyohivyo. Kazi pekee waliyobakiziwa binadamu ilikuwa kutuma onyo: ving'ora vilie bondeni Isyeto, simu zipige kelele, watu wapande mlimani. Nayo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Watu elfu nne, pengine zaidi, walikuwa wamepanga viazi na maharage kandokando ya mto, hawana habari.

"Mwasomola atakuwa amefika wapi?" Mkuu aliuliza. Mwasomola alikuwa askari wa getini, aliyetumwa kwa miguu tangu kulipopambazuka.

"Kama kile kifusi kilichoziba barabara kona ya pili amekizunguka kwa juu, atafika Isyeto saa kumi. Kama hakuteleza."

Maji yangefika saa nane na dakika ishirini.

* * *

Laptopu yenyewe ilikuwa imelala stoo miaka minane, chini ya mabuti ya mpira. Ilikuwa na Linux, mfumo ambao hauombi ruhusa kwa yeyote, na ndiyo sababu ilikubali kuwaka. Subilaga alikuwa ameiunganisha kwa waya na dishi la juu ya paa, bakuli la bati tu ambalo radi haikupata cha kuchoma ndani yake. Dishi lilitazama mnara wa mawasiliano uliokuwa ng'ambo ya mabonde mawili, na mnara ule ulikuwa hai. Ukungu ulipopasuka kidogo, taa yake ilionekana ikikonyeza.

Kilichokosekana ni kiendeshi cha kadi, ile programu ya kuisemesha. Na kiendeshi kilikuwa mtandaoni, na mtandao ulikuwa nyuma ya kiendeshi. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba inayofunguliwa kwa ufunguo huohuo.

Alikuwa ameshajaribu kuchomeka simu yake kwa waya, ili laptopu iazime mtandao wa simu. Lakini simu za pale zilipata mtandao kutoka kituoni, na kituo kilikuwa kimekufa. Ilikuwa sawa na kwenda kuomba maji kwa jirani ambaye bomba lake linatoka kwako.

"Mkuu, nitafutie flashi," alisema. "Ile ya kijani, yenye kipande cha plasta. Ndiyo niliyosimikia mfumo huu zamani. Sidhani kama niliifuta."

Mkuu alipekua droo tatu, akamwaga ya nne sakafuni, akaipata. Ndani ya flashi kulikuwa na ghala la vifurushi vya programu vilivyokuja na mfumo wenyewe. Kiendeshi kilichokamilika hakikuwemo, ila maandishi yake ghafi yalikuwemo, yale ambayo fundi mwenye subira anaweza kuyapika mwenyewe.

Akaanza kupika. Kifurushi cha kwanza kilidai cha pili. Cha pili kilikataa kuingia hadi cha tatu kiingie. Cha tatu kilitaka toleo la zamani la cha nne, na lililokuwepo lilikuwa jipya. Aliviandika vyote kwenye kiganja chake kwa kalamu, kimoja chini ya kingine, akavirudia kutoka mwisho hadi mwanzo. Jasho lilimtoka ingawa kule juu ilikuwa baridi ya kutoa pumzi ikaonekana. Saa sita na nusu maandishi yakamalizika kupita kwenye dirisha jeusi la amri bila kosa hata moja. Taa ndogo ya kijani pembeni mwa laptopu ikawaka.

"Fundi!" Mkuu alimshika bega.

Taa ikazimika. Kwenye dirisha ukatokea mstari mmoja. Subilaga aliusoma, akaegemea nyuma, akajifuta uso kwa mkono ulioandikwa, wino ukamganda shavuni.

"Kiendeshi kimekubali. Chipu haina pumzi."

Hilo hata Mkuu alilijua. Sheria ya Nakala Moja ilimhusu kila mtu mwenye simu. Kila chipu inayorusha mawimbi ilipaswa kuwa na programu yake ya ndani iliyotiwa muhuri, ambayo mafundi waliiita pumzi. Pumzi haikunakiliwa, ilihama. Ikitoka hapa kwenda pale, hapa panabaki mzoga. Tena ilihama mara moja tu maishani mwake. Na mashine iliyokaa mwaka mzima bila kuonekana mtandaoni, pumzi yake ilijifuta yenyewe. Laptopu hii ilikuwa imekaa minane.

"Chipu ya aina gani?" Mkuu aliuliza.

Subilaga hakutaka kusema. Alikuwa ameyaona maandishi yale kwenye kadi tangu asubuhi, akayafumbia macho, akitumaini pumzi ingekuwa bado imo. "Kima-saba," akasema. "Zile za kiwanda kilichofungwa."

Kiwanda kile kilimwaga chipu zake kila mahali kabla hakijafa: kwenye mizani ya zahanati, kwenye mita za maji, kwenye masikio ya kupandikiza yaliyogawiwa kwa viziwi. Mizani ilishatupwa. Mita zilishabadilishwa. Pale kituoni ilikuwa imebaki Kima-saba moja inayopumua, nayo ilikuwa jikoni, nyuma ya sikio la kulia la mpishi.

Mkuu aliitazama ile saa nyekundu. Kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zingemsikia, "Si huwa unamchajia wewe?"

"Kila Alhamisi."

"Leo Alhamisi."

* * *

Sekela, Mama Tusa, mpishi wa kituo, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Alipopona, dunia ilikuwa imezimwa. Alikaa hivyo miaka ishirini na mitatu, akisoma midomo ya watu na kukisia yaliyobaki, hadi timu ya madaktari ilipopita wilayani na kumpandikizia kipande ndani ya fuvu na kingine cha nje, kidubwana cha rangi ya ugoro kinachojishika kwa sumaku. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Mwanawe Tusajigwe alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anaanza kusema.

Subilaga alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na waya mfukoni. Alikuwa ametembea ule ujia akijiambia kwamba hajaamua lolote. Kichwani mwake ilikuwa Shule ya Msingi Isyeto, ya matofali ya kuchoma, ile ambayo uwanja wake wa mpira huishia mtoni. Mwanawe Gwamaka alikuwa darasa la sita.

Sekela alikuwa anamenya viazi. Mtoto alikaa chini ya meza, anasemezana na kuku aliyefungwa mguu. Sekela aliinua macho, akaona ncha ya waya ikitokeza mfukoni, akatabasamu.

"Umekumbuka hata na balaa hili? Ndaga, asante sana, mwenzangu. Tangu asubuhi kinanilialia, chaji inakwisha." Akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kile kidubwana, akakiweka kwenye kiganja cha Subilaga. Kilikuwa na joto la mwili. Kisha akageuka, akaendelea na viazi vyake, mgongo ukiwa mlangoni.

Ikawa imekwisha kirahisi hivyo. Ilibaki kutembea tu. Hatua kumi na tano za ujia, waya, amri mbili. Sekela asingesikia mlango, wala hatua, wala chochote tena. Angejua jioni, na jioni Gwamaka angekuwa hai. Angelia, angelaani, na watu wote wenye akili timamu wangesema fundi alifanya sawa.

Subilaga alisimama pale. Aliona kisogo cha yule mwanamke, nywele alizosukwa wiki iliyopita, na mahali peupe nyuma ya sikio ambapo kidubwana kilikuwa kimeacha alama ya duara. Shingo ile haikuwa na wasiwasi wowote.

Akavuka jiko, akamgusa bega. Sekela alipogeuka, akamrudishia kifaa.

"Vaa kwanza," alisema akitamka polepole asomwe midomo. "Nina neno."

Akamwambia yote. Malango, gulio, saa nane. Chipu, pumzi. Hakupunguza.

Sekela alisikiliza kisu kikiwa mkononi. "Na baadaye unairudisha."

"Hairudi."

"Hairudi leo, au hairudi?"

"Hairudi, Mama Tusa. Kiwanda hakipo. Kingekuwepo wangekutilia nyingine. Mimi siwezi, na simjui anayeweza."

Kiazi kilichokuwa kimemenywa nusu kilidondoka ndani ya sufuria. Mtoto chini ya meza alikuwa anamfokea kuku, "We ukikataa kulalia mayai, mi ntalalia mwenyewe!"

"Hapana," Sekela alisema.

Akakitoa kile kiazi ndani ya sufuria.

"Baba alipofariki ukoo ulikaa kule Isyeto kugawa mashamba. Waliniweka katikati. Walizungumza nusu siku nzima mbele yangu, na kila walipocheka nilicheka, maana niliona wanacheka. Waliponipa karatasi niliweka dole gumba, kusoma nilikuwa bado sijafundishwa. Nilikuja kujua mwaka uliofuata, nilipokwenda na jembe nikamkuta mtu analima." Alipangusa kisu kwenye kanga. "Ndio hao walioko gulioni leo, Mama Gwamaka. Mnataka niwape tena. Kila siku ni mimi wa kutoa. Hapana. Nimekataa."

"Nimesikia," Subilaga alisema. Akatoka.

* * *

"Ulikuwa nayo mkononi!" Mkuu alikuwa ameona kila kitu kutoka ujiani. "Mkononi, fundi! Ukairudisha!"

"Ilikuwa yake."

"Watu elfu nne kwa sikio moja. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza!"

"Hesabu naijua, Mkuu. Wa kwangu yumo humohumo kwenye hao elfu nne."

"Basi mimi nitakwenda. Nina nguvu za kutosha kumbandua mwanamke kidubwana kichwani."

Subilaga alikaa mbele ya laptopu. "Ukikileta kwa nguvu, utakichomeka mwenyewe na utaandika amri mwenyewe. Mimi sitagusa."

Mzee yule hakujua hata kuwasha dirisha la amri. Alisimama akihema, kisha akaenda dirishani kuutazama ukungu. Saa sita na dakika hamsini. Subilaga aliandika kile alichojua hakitafanya kazi. Alijaribu kuidanganya kadi kwa programu ya zamani ya chipu nyingine, isiyo na muhuri, iliyokuwamo ndani ya flashi. Kadi ilikataa. Akajaribu toleo lingine. Ikakataa. Vidole vilikuwa vinaenda, na moyo ulikuwa kule shuleni, kwenye dawati la tatu kutoka mlangoni. Alijiuliza kama amemuua mwanawe kwa ajili ya adabu. Swali lilikuja tena na tena, na kila mara aliandika amri nyingine ili asilijibu.

Saa saba na dakika tano alisikia kandambili sakafuni. Sekela alisimama mlangoni, akiwa amembeba Tusa kiunoni.

"Gwamaka yuko shule leo?" aliuliza.

"Yuko."

"Na hukuniambia."

"Unajua anakosoma."

"Najua. Nilikuwa nangoja uniambie ili nikuchukie." Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Nimekaa pale nimengoja mje kuninyang'anya. Nilishashika mchi. Hamkuja." Akamtazama mtoto. "Nipe dakika kumi. Nataka kukaa na mwanangu aniongeleshe. Nikimaliza nitaleta mwenyewe."

"Dakika kumi!" Mkuu aligeuka kutoka dirishani. "Mama, saa inakimbia. Kuhamisha peke yake ni dakika ishirini. Toa sasa hivi, tafadhali, nakupigia magoti..."

Na kweli alianza kupiga magoti. Sekela hakumtazama. Alimtazama Subilaga.

Kumi. Subilaga alizihesabu kwa haraka kama fundi: ishirini za kuhamisha, tano za kuamsha kadi, kisha muda wa watu kuacha mali zao na kupanda. Kila dakika ingekuwa ya mtu fulani. Hakumjua mtu huyo, pengine alikuwa wa kwake.

"Nenda," alisema.

Sekela aliingia jikoni, akafunga mlango. Subilaga akaenda kusimama mbele yake, mgongo kwenye mbao. Mkuu alikuja hadi akamkaribia uso kwa uso, akaona namna alivyosimama, akarudi nyuma.

Nyuma ya mlango sauti ya mtoto ilikuwa inaenda bila kituo. Habari za kuku. Habari za chura aliyeingia kwenye buti la baba Mwasomola. Kisha wimbo usio na kichwa wala miguu. Kisha, "Mama, mbona unaniangalia tu? Na wewe sema." Na sauti ya Sekela, ya chini sana, "Nasikiliza. Endelea."

Dakika kumi zilipita. Mlango haukufunguka. Subilaga aliinua mkono agonge, akaushusha. Mtoto alikuwa katikati ya sentensi. Ilipokwisha sentensi, ilikuwa saa saba na dakika kumi na sita.

* * *

Sekela aliuchomeka waya mwenyewe kwenye kidubwana, kikiwa bado kimeshika nyuma ya sikio. Subilaga alimwonyesha tundu. Dirisha jeusi liliuliza swali moja kwa herufi kubwa: PUMZI ITAHAMA NA CHANZO KITAKUFA. UNAKUBALI? Sekela alilisoma, akabonyeza herufi ya ndiyo kwa kidole kile kile cha gumba.

Ikaanza kuhama. Asilimia nne. Kumi na moja. Chaji ya laptopu ilikuwa inapungua kwa kasi ileile ambayo namba ilikuwa inapanda, na hakuna umeme kituoni. Kwenye sitini Subilaga alizima mwanga wa kioo ili kuokoa betri, wakawa wanakodolea kivuli. Sekela alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mapajani. Kwenye themanini aliinua kichwa ghafla, akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa. Kisha akakiinamisha.

"Imekatika," alisema kwa sauti kubwa mno.

Saa saba na dakika thelathini na tano pumzi ilikuwa ndani. Subilaga aliondoa kiendeshi, akakirudisha. Taa ile ndogo ya kijani ikawaka, ikabaki ikiwaka. Jina la mnara likatokea kwenye orodha, peke yake. Akaunganisha, ikakatika. Upepo ulikuwa unalitikisa dishi. Mkuu alipanda ngazi hadi juu ya paa na koti lake, akalikumbatia bakuli lile kwa mikono miwili, akapiga kelele kutoka juu, "Jaribu sasa!" Ikashika. Saa saba na dakika arobaini na moja Subilaga alituma onyo.

Kwa muda mrefu hakukuwa na jibu. Kisha, kutoka kwa mtu wa zamu asiyejulikana jina, maneno manne: *Ving'ora vinalia. Watu wanapanda.*

Saa nane kamili sakafu ilitetemeka. Malango yalikuwa yamefunguka, na mngurumo wa maji ukajaza kituo hadi vikombe vikagongana rafuni. Tusa aliziba masikio na kulia. Mama yake aliweka kiganja ukutani, akahisi ule mtetemo, akajua.

* * *

Gulio lilikwenda na maji. Nusu ya majengo ya shule ilikwenda. Watoto walikuwa wameshafika kanisani, kilimani, wamepangwa kwa madarasa, na Gwamaka alikuwa amepoteza kiatu kimoja tu.

Watu wawili walikufa. Mmoja alikuwa Mzee Lwitiko Mwangoka, aliyekataa katakata kuondoka kwenye banda lake la kushona viatu. Mwingine ni Atuganile, binti wa miaka kumi na tisa aliyeuza chapati. Alikuwa ameshapanda. Akasikia kwamba mama yake hajaonekana, akashuka, akavuka daraja la magogo kumtafuta, asijue kwamba mama kapanda kwa njia nyingine. Waliomwona walisema alipokuwa anarudi alibakiza hatua kama ishirini.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku ya sita. Ilikuwa na kumbukumbu za laptopu, kila amri na saa yake.

"Kuanzia saa saba na dakika tano hadi saa saba na kumi na sita," mwenyekiti alisoma, "hakuna kilichoandikwa. Ulikuwa unafanya nini, fundi?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mwenye sikio amalize kusikia."

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani aliruhusu?"

Mkuu Mwalusanya alikuwa amekaa kando yake, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji. Alikuwa ameteguka alipoteremka paani. Alitazama sakafu.

"Mimi," Subilaga alisema.

Walipotoka nje Mkuu alimfuata hadi kwenye ngazi. "Mama Tusa usimwambie habari za yule binti," alisema. "Ametoa alichotoa. Hakuna atakayemwambia, na mwenyewe hasikii. Mwache apumzike."

Subilaga aliyafikiria maneno hayo njia nzima ya kupanda Nyalwela. Yalikuwa maneno ya huruma, na Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alipofika alimkuta Sekela nyuma ya jiko anakoka moto, Tusa akimvuta kanga na kuongea, kuongea, huku mama akimtazama mdomo kwa makini kama mtu anayechungulia kisima.

Akachukua karatasi. Akaandika majina mawili, umri wao, na jinsi kila mmoja alivyokufa. Chini yake akaandika: *Yule binti, dakika kumi na moja huenda zingetosha. Niliyekuruhusu ni mimi.* Akampa.

Sekela alisoma mara moja, akarudia. Kuni ziliungua hadi zikaanguka katikati. Alikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Msiba uko wapi?" aliuliza, kwa ile sauti kubwa isiyojipima tena.

Walitembea kesho yake tangu asubuhi, Subilaga akimbeba mtoto kwenye kifusi. Nyumba ya msiba ilikuwa juu ya mstari wa matope. Wanawake walikuwa wamekaa ndani kwenye mikeka, wameshikana mabega, wanaimba. Sekela alivua viatu, akaingia, akapita katikati yao hadi kwa mama wa marehemu, akapiga magoti mbele yake.

"Mimi ndiye niliyechelewesha onyo," alisema. "Niliomba dakika kumi za kumsikiliza mwanangu. Nikala kumi na moja."

Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja pembeni alianza kusema kitu kikali, mwenzake akamfinya. Sekela hakujua kwamba wameacha kuimba. Alibaki amepiga magoti, macho kwenye midomo ya yule mama, anasubiri imwambie atoke au afanye nini.

Midomo ile haikusema kitu. Yule mama alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama Tusa aliyekuwa mlangoni mikononi mwa Subilaga, amenyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akasogea pembeni kwenye mkeka, taratibu, kama mtu anayeumwa kiuno, akapiga kiganja mara mbili mahali palipobaki wazi.